Maduka ya Vichezeo Yanakwenda Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wazazi, walimu wa chekechea na wenye maduka wa Mombasa huuliza kila mazungumzo yanapofika kwenye biashara ya vichezeo. Baadhi ya majibu ni marefu na mengine ni mafupi, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Duka maalumu la vichezeo ni duka la aina gani?

Ni duka ambalo mwenyewe anategemea vichezeo kwa riziki yake yote, au karibu yote. Duka lenye rafu ya wanasesere kati ya sabuni na madaftari haliingii katika kundi hili, hata rafu hiyo ikiwa ndefu namna gani. Wingi wa bidhaa si kipimo cha kutosha. Kipimo kizuri zaidi ni kama mtu anaweza kuingia, akaeleza kwamba anamtafutia zawadi mtoto wa miaka minne asiyependa magari na ambaye ana mdogo wake anayetambaa, kisha muuzaji akampa jibu la maana. Muuzaji wa aina hiyo anajua kichezeo kipi huvunjika siku ya pili, kipi kina vipande ambavyo mdogo mtu anaweza kuvimeza, na kipi mtoto atakirudia mwaka mzima.

Je, ni kweli kwamba maduka ya namna hiyo yanafungwa duniani?

Ni kweli kwa kiasi kikubwa, hasa Marekani na Uingereza, ambako yalikuwa yamestawi zaidi. Kampuni ya KB Toys, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa ukoo wa Kaufman mwaka 1922, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2004, ikarudi huko Desemba 2008, na mara hiyo haikuinuka. FAO Schwarz, duka lililoanzishwa mwaka 1862 na kujulikana na vizazi vya watoto wa Marekani, lilifunga milango yake ya Fifth Avenue jijini New York mwaka 2015, ingawa jina hilo lilifufuliwa mahali pengine jijini humo mwaka 2018. Kubwa kuliko yote ni Toys "R" Us, ambayo mwaka 2018 ilifunga maduka yake zaidi ya 700 nchini Marekani, na watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi. Tawi lake la Uingereza lilianguka mwaka huohuo.

Hata hivyo si wote walioanguka. Hamleys ya London, iliyoanza mwaka 1760, bado ipo, ila tangu 2019 mmiliki wake ni kampuni ya Reliance ya India. Smyths, kampuni ya Ireland iliyoanza mwaka 1986 katika mji mdogo wa Claremorris, ilizidi kupanuka katika miaka ileile ambayo wengine walikuwa wakizikwa, na ndiyo iliyonunua maduka ya Toys "R" Us ya Ujerumani, Austria na Uswisi. Kwa hiyo anayesema kwamba duka la vichezeo limekwisha duniani kote anasema zaidi ya yanayoonekana.

Toys "R" Us iliuawa na Amazon, sivyo?

Hivyo ndivyo wengi husimulia, na simulizi hilo linapendwa kwa kuwa ni jepesi. Ukweli una matawi mengi, na unastahili nafasi, kwa sababu mwenye duka la Mombasa anayeamini kwamba mtandao peke yake ndio adui atajikinga upande mmoja na kupigwa kwa upande mwingine.

Mwanzilishi wake, Charles Lazarus, alianza mwaka 1948 mjini Washington kwa kuuza vitanda na samani za watoto wachanga. Aligundua jambo ambalo kila mfanyabiashara wa samani analijua: kitanda hununuliwa mara moja, na mtoto wa pili hurithi cha wa kwanza. Kichezeo huvunjika au humchosha mtoto, na mzazi hurudi dukani. Mwaka 1957 akafungua duka la vichezeo vitupu, akalipanga kwa mtindo wa supamaketi, lenye rafu ndefu, bei nafuu na bidhaa za mwaka mzima. Duka hilo lilipoongezeka matawi likayafagia maduka madogo ya mitaani. Jambo hilo husahaulika sana siku hizi, maana wanaomlilia marehemu huyu, yaani Toys "R" Us, humlilia kana kwamba alikuwa mwenye duka dogo, ilhali yeye ndiye aliyewafungisha wenye maduka madogo. Wajapani waliliona mapema. Sheria yao ya maduka makubwa iliwapa wenye maduka ya mtaani nafasi ya kumchelewesha mgeni wa aina hiyo, na ilichukua shinikizo la kibiashara la Marekani hadi duka la kwanza kufunguliwa huko mwaka 1991. Rais George H. W. Bush mwenyewe alihudhuria uzinduzi wa la pili, Januari 1992.

Kisha yakaja makubwa zaidi. Kufikia mwaka 1998 Walmart, inayouza kila kitu kuanzia maziwa hadi matairi, ilikuwa imeipita Toys "R" Us kwa mauzo ya vichezeo nchini Marekani. Hapo Amazon bado ilikuwa changa. Mwaka 2000 Toys "R" Us ilifunga mkataba wa kuuza mtandaoni kupitia Amazon badala ya kujenga duka lake yenyewe la mtandaoni, ikaingia naye mahakamani miaka minne baadaye, na mkataba ukavunjwa mwaka 2006. Miaka hiyo ilipotea wakati wenzake wakijifunza.

Lakini pigo lililoifunga miguu lilikuwa deni. Mwaka 2005 wawekezaji watatu, ambao ni KKR, Bain Capital na Vornado, waliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 6.6, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo ambao mzigo wake ulitwikwa kampuni yenyewe iliyonunuliwa. Kuanzia hapo ilikuwa ikilipa takriban dola milioni 400 kila mwaka kwa ajili ya madeni. Fedha hizo ndizo zingekarabati maduka, kuwalipa vizuri wauzaji wanaojua kazi na kujenga tovuti yenye maana. Ilipoomba ulinzi wa mahakama Septemba 2017, bado ilikuwa ikiuza bidhaa za mabilioni ya dola kwa mwaka. Mwenye duka yeyote aliyewahi kuchukua mkopo wa riba kubwa ili kujaza rafu kabla ya sikukuu anaielewa hali hiyo bila kuhitaji mfano wa Marekani.

Kama si mtandao peke yake, ni nini hasa kinacholiua duka dogo?

Kinacholiua ni kupotelewa na bidhaa chache zilizokuwa zikilibeba. Hili ndilo kiini cha jambo lote.

Katika duka la vichezeo, bidhaa hazitembei kwa mwendo mmoja. Zipo chache zinazouzika haraka, nazo ni zile ambazo watoto wameziona kwenye televisheni, katika video za YouTube au kwa rafiki darasani. Zipo nyingi zinazouzika polepole, kama vile vibao vya kupanga picha, ala ndogo za muziki, michezo ya ubao, vichezeo vya watoto wenye ulemavu wa kuona au kusikia. Bidhaa ya kundi la pili inaweza kukaa rafuni miezi minane, na muda wote huo fedha iliyoinunua imelala. Duka maalumu huweza kuzivumilia hizo za pili kwa sababu za kwanza zinalipa kodi ya pango, umeme na mishahara.

Supamaketi inapoingia katika biashara hii haichukui mzigo wote. Huchukua zile chache zinazokimbia tu, na katika msimu wa sikukuu huweza kuziuza kwa faida ndogo mno, wakati mwingine bila faida, kwa kuwa inajua kwamba mzazi aliyefuata mwanasesere ataondoka pia na mchele, mafuta na sabuni. Mwenye duka la vichezeo hana mchele wa kufidia. Akishusha bei, anakula mtaji. Asiposhusha, wateja humwona mwizi. Anachobakiwa nacho ni rafu zilizojaa bidhaa za polepole, na mwisho wake hauhitaji mnajimu. Mtandao unapokuja hufanya jambo hilohilo kwa kasi zaidi, na tena huwa haulipi pango la barabara kuu.

Baada ya hapo ndipo zinapofuata sababu nyingine ambazo ni za kweli lakini ndogo: watengenezaji kuwapa wanunuzi wakubwa punguzo ambalo mdogo hapewi, familia kuwa na watoto wachache katika nchi tajiri, na mauzo kurundikana katika wiki chache za mwaka.

Je, si kweli kwamba watoto wameacha vichezeo na kushika simu?

Kuna ukweli ndani yake. Umri wa mtoto kuacha wanasesere na magari umeshuka, na mtoto wa miaka tisa leo huomba simu mahali ambapo wa zamani angeomba baiskeli. Lakini kama jambo hilo peke yake ndilo lingekuwa sababu, watengenezaji wangeanguka pamoja na wauzaji, na hawajaanguka. LEGO ya Denmark, ambayo mwaka 2004 ilikuwa karibu kufilisika, mwaka 2024 ilipata mapato ya kroner bilioni 74.3, ambayo yalikuwa rekodi kwake wakati huo, na sasa kuna maduka yenye jina lake yanayozidi 1,000 duniani. Sehemu ya mauzo hayo inatokana na watu wazima wanaojinunulia wenyewe, jambo ambalo Mombasa bado linachekesha kidogo, ingawa wanaume waliokusanya magari madogo tangu utotoni wapo hapa pia, ila huwasingizia watoto wao.

Kwa hiyo kichezeo hakijafa. Kilichobadilika ni mahali kinaponunuliwa.

Mombasa tuliwahi kuwa na maduka maalumu ya vichezeo kwa wingi?

Kwa wingi, hapana, na ndiyo maana habari za New York na London hazituingii moja kwa moja. Hapa vichezeo vimeuzwa kwa muda mrefu katika maduka mchanganyiko: maduka ya vitabu na vifaa vya shule, maduka ya zawadi na vyombo, na vibanda vya pembeni mwa Marikiti, Barabara ya Digo na Mwembe Tayari. Duka la vichezeo vitupu lilikuwa jambo la wachache, na wateja wake walikuwa wa Nyali, Kizingo na Tudor zaidi kuliko wa Majengo au Likoni.

Tulichokuwa nacho, na bado tunacho, ni msimu. Katika siku za mwisho za Ramadhani vichezeo humwagwa njiani: bunduki za maji, miwani ya rangi, wanasesere wa plastiki, magari ya kuvuta kwa kamba. Baada ya sala, mtoto huwa na mkono wa Idd alioupokea kwa babu, shangazi na majirani, na fedha hizo ni zake. Siku hiyo yeye ndiye mnunuzi, na mzazi husimama nyuma. Viwanja vya Makadara hujaa bembea na wachuuzi. Hakuna duka lenye mlango linaloweza kushindana na mchuuzi aliyetandaza turubai pale mtoto alipo na fedha yake mkononi.

Msimu huu una tabia moja inayofaa kueleweka na kila anayetaka kuingia katika biashara hii. Idd hufuata mwezi mwandamo, hivyo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2000 Idd ul-Fitr iliangukia wiki ya Krismasi. Mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Misimu hii miwili, Idd na Krismasi, ikiwa mbali, muuzaji wa Mombasa ana vilele viwili vya mauzo na muda wa kuzungusha mtaji wake kati yake, faida ambayo mwenzake wa Ulaya anayesubiri Desemba peke yake hana. Kadiri Idd inavyorudi nyuma, itaikuta tena Desemba mwanzoni mwa miaka ya 2030, na hapo atakayekuwa ameagiza kwa mazoea ya vilele viwili atajikuta na mzigo wa ziada wakati ambao wazazi wote wanawaza karo ya Januari.

Kuanguka kwa supamaketi za Nakumatt na Tuskys kulisaidia maduka ya vichezeo?

Kwa muda mfupi, huenda. Kwa kudumu, hapana. Nakumatt, iliyokuwa na tawi kubwa Nyali, ilianza kuporomoka waziwazi mwaka 2017, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Tuskys ikaingia katika mkondo huo mwaka 2020. Wote wawili walikuwa na sehemu pana za vichezeo, lakini nafasi zao zilichukuliwa haraka na Naivas, Quickmart, Carrefour na wengineo, na rafu ya vichezeo ikarudi na wao. Walioumia ni wasambazaji wadogo ambao walikuwa wamepeleka bidhaa kwa mkopo na hawakulipwa. Muuzaji wa jumla aliyepoteza mzigo wa namna hiyo hawezi tena kumkopesha mwenye duka dogo kama zamani, na hivyo kuanguka kwa jitu kuliwaumiza hata wale waliodhaniwa kuwa wapinzani wake.

Bandari iko hapa Kilindini. Kwa nini basi vichezeo si rahisi Mombasa?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Sehemu kubwa ya vichezeo vya dunia hutengenezwa China, na wilaya ya Chenghai iliyo katika mji wa Shantou, mkoa wa Guangdong, inajulikana kwa kazi hiyo zaidi ya nyingine. Mzigo hufika kwetu kabla ya kufika Nairobi au Kampala. Lakini bei ya mwisho haitokani na umbali wa gati.

Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa vichezeo ni asilimia 25, na juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Tuseme kichezeo kimefika bandarini kikiwa na thamani ya shilingi 1,000 pamoja na nauli na bima. Ushuru ni shilingi 250, jumla 1,250. Asilimia 16 ya hiyo ni shilingi 200, na sasa kimefika 1,450. Hapo bado hujaweka ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, gharama za wakala wa forodha na gharama za kasha likichelewa kutolewa. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani huweza kuirejesha ile 200 katika hesabu zake, ila usajili huo ni lazima kwa yule tu ambaye mauzo yake yanafikia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mwenye duka dogo aliye chini ya kiwango hicho na ambaye hajajisajili kwa hiari huibeba ndani ya bei yake.

Zaidi ya hayo, vichezeo ni bidhaa zinazojaza nafasi bila uzito. Kasha lililojaa wanasesere limejaa hewa kwa sehemu kubwa, na nauli ya bahari haihurumii hewa. Kwa sababu hiyo waagizaji wadogo wa Mombasa hukodi sehemu ya kasha kwa pamoja, na anayeweza kujaza kasha zima peke yake huwa tayari ameshawashinda kwa bei kabla mzigo haujateremshwa.

Vichezeo vya mitumba vinaathiri biashara?

Vinaathiri, na kwa mzazi si jambo baya. Kongowea hupatikana vichezeo vilivyotumika Ulaya, vingine vya mbao au vya plastiki nzito ambavyo vimeshinda mtoto wa kwanza na vitamshinda wa pili. Wauzaji wa vichezeo vipya hulalamika, lakini ukweli ni kwamba mitumba hushindana zaidi na vichezeo vipya dhaifu vya bei ya chini kuliko na bidhaa nzuri. Kasoro yake ni kwamba vipande hukosekana, maelezo ya umri huwa yamepotea pamoja na boksi, na cha zamani sana huenda kilipakwa rangi kabla masharti ya usalama hayajakazwa.

Nitajuaje kwamba kichezeo ni salama, iwe nimekinunua dukani, njiani au mtandaoni?

Hapa ndipo pengo la duka maalumu linapoonekana zaidi, kwa sababu mwenye duka anayetegemea jina lake hukataa bidhaa ambazo mchuuzi wa siku moja hana sababu ya kuzikataa. Lakini jina kubwa nalo si kinga kamili. Mwaka 2007 Mattel, kampuni yenye Barbie, ililazimika kuvirudisha mamilioni ya vichezeo vyake vilivyotengenezwa China, baadhi kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi na vingine kwa sababu ya sumaku ndogo zilizoweza kung'oka. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria kali zaidi ya usalama wa bidhaa za watoto.

Nchini Kenya, bidhaa zinazoagizwa zinapaswa kukaguliwa zinakotoka kabla ya kusafirishwa, kwa mpango unaosimamiwa na Shirika la Viwango, KEBS. Alama yake ni mwanzo mzuri, si mwisho wa uangalizi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kipande chochote kinachoweza kuingia kizima ndani ya mcheduara wenye kipenyo cha milimita 31.7, ambacho ndicho kipimo kinachotumiwa na wakaguzi, kinaweza kumkaba. Betri ndogo bapa zinazofanana na vifungo ni hatari kuliko zinavyoonekana: ikikwama kooni, betri ya namna hiyo inaweza kuunguza nyama za ndani katika muda usiozidi saa mbili, hivyo mtoto anayedhaniwa kuimeza hupelekwa hospitali mara moja bila kungoja kuona kama itatoka. Angalia kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Kama hufunguka kwa ukucha, kiache. Na kwa sisi wa pwani kuna la ziada: hewa ya chumvi hulisha kutu vyuma vya betri, kwa hiyo zitoe betri kichezeo kinapowekwa kabatini.

Je, vichezeo vinavyotengenezwa hapa haviwezi kujaza nafasi hiyo?

Vinaweza kujaza sehemu yake, kama vitauzwa kama vichezeo. Tiara ya makaratasi, pia ya mbao ya kuzungusha, gari la waya na mabati, gololi na mdako vimewalea watoto wa Mji wa Kale na wa Kisauni bila duka lolote. Ushirika wa wachongaji wa Akamba kule Changamwe huchonga wanyama wa mbao kwa ustadi ambao viwanda vya plastiki haviufikii, lakini soko lake limeelekezwa kwa mtalii, na bei yake na umaliziaji wake humfuata mtalii. Twiga mwenye shingo nyembamba ni pambo la kabati. Mtoto humvunja asubuhi moja. Mchongaji atakayeafiki kumfanya mfupi, mnene, mwenye kingo zilizosuguliwa na bila vanishi yenye kemikali mbaya, atakuwa ametengeneza kichezeo, na mteja wake ataishi mtaa wa pili badala ya kuja kwa ndege mara moja maishani. Jambo hilo linafanyika kidogo mno.

Maduka maalumu yanayobaki hai yanafanya nini tofauti?

Jibu linaweza kutafutwa Ireland kwa Smyths, lakini lipo pia Barabara ya Biashara, hatua chache kutoka Barabara ya Digo. Maduka ya leso yaliyopo pale ni maduka maalumu kwa kila maana, na moja linalojulikana Afrika Mashariki nzima, la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, limeendesha kazi yake tangu 1887. Supamaketi inauza leso pia, kwa bei ya chini pengine, wala haijayaua. Sababu ni kwamba mtu huenda pale kutafuta kitu ambacho rafu haikijibu: doti mpya zimeingia, jina hili lamfaa mama mkwe au litaleta maneno, ile ya mwaka jana imebaki? Muuzaji anajua. Tena mahitaji hayangoji msimu mmoja, kwani harusi, matanga, uzazi na sikukuu hufuatana mwaka mzima.

Duka la vichezeo linalosalia hujijengea mambo hayohayo mawili. Kwanza, ujuzi ambao mteja hawezi kuupata kwa kutazama picha. Pili, mauzo ya nje ya msimu: siku za kuzaliwa, shule za chekechea, madrasa zinazowatuza wanafunzi wake, hospitali na vituo vya tiba vinavyohitaji vifaa vya mazoezi ya watoto. Mtaala mpya wa shule, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, na mwalimu anayetafuta vifaa vya kuhesabia au vya kujenga ni mteja wa Februari na wa Juni. Huyo ndiye anayelipa pango wakati wengine wamelala.

Njia nyingine ni ile ya The Entertainer, kampuni ya maduka ya vichezeo ya Uingereza, ambayo badala ya kupigana na supamaketi imekubaliana na supamaketi ya Tesco kuisimamia sehemu yake ya vichezeo. Kwa hapa kwetu mpango kama huo unahitaji uangalifu mkubwa kuhusu siku za malipo, na waliopelekea Nakumatt mzigo wanaweza kueleza kwa nini.

Ninataka kufungua duka la vichezeo Mombasa. Nianzie wapi?

Usianzie na duka. Anza na bidhaa za polepole ulizozichagua kwa makini, uziuze kwa shule na kwa wazazi kupitia WhatsApp na Instagram, upokee malipo kwa M-Pesa na upeleke kwa bodaboda, hadi ujue ni nini kinachorudiwa kuulizwa. Epuka kushindana na supamaketi kwenye mwanasesere anayetangazwa msimu huo. Nunua wachache tu ili mteja asikose, ukijua kwamba hawatakulisha. Ukishapata wateja wa kudumu ndipo utafute chumba, na utazame kilemba, yaani fedha ya kuachiwa chumba, na kodi ya pango kabla ya kutazama uzuri wa mlango, kwa sababu chumba cha barabara kuu hulipiwa kila mwezi ilhali Idd huja kwa zamu yake. Chumba cha ghorofa ya kwanza chenye bei nafuu na nafasi ya watoto kukaa chini na kujaribu kina maana zaidi ya dirisha la kioo. Usikope ili kujaza rafu kwa mara ya kwanza.

Na uwe tayari kupokea kilichoharibika. Wauzaji wengi huandika kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji wa vichezeo anayebadilisha gari lililokataa kutembea siku ya Idd, mtoto akiwa bado amevaa kanzu yake mpya, amemnunua mama yule kwa miaka kumi.

Ni vibaya kuingia dukani, kumuuliza muuzaji maswali yote, kisha kuagiza mtandaoni kwa bei ndogo?

Si kosa la kisheria. Lakini muda wa muuzaji yule umelipiwa na mtu, na kama si wewe basi ni mteja mwingine. Ukiona tofauti ya bei, mwambie. Wenye maduka wengi wa Mombasa watapunguza kuliko kukuona ukitoka mikono mitupu, na asipoweza kupunguza atakueleza kwa nini.